Nilivyoacha mkorogo nikabaki na rangi yangu

Ngozi ikiachishwa mkorogo, yaani krimu za kujichubua, huharibika kwanza ndipo itengemae, na wengi hurudia kopo hapo katikati. Kilichonivusha ni kujua mapema kitakachotokea.

Nilianza kwa kusoma makopo, maana kila dawa ina namna yake ya kuachwa. Zebaki, ambayo kwenye lebo huandikwa mercury, calomel au mercurous chloride, huachwa siku hiyo hiyo. Hupenya ngozi ikadhuru figo, tena hubaki kwenye taulo na foronya, hata mtoto unayelala naye akaipata. Kopo lake usilichome, mvuke wake ni sumu. Lifunge vizuri kwenye mfuko uulize watu wa afya pa kulipeleka. Haidrokwinoni, dawa nyengine ya kung'arisha ngozi, nayo huachwa mara moja. Ikitumika muda mrefu huweza kuleta madoa ya buluu nyeusi mashavuni, na mtu akiyafuta kwa krimu ileile huzidi kukolea.

Yenye kazi kuiacha ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi. Tafuta jina clobetasol au betamethasone. Hizo hung'arisha uso haraka, huku ngozi ikikonda hadi mishipa ionekane. Aliyejipaka mwili mzima kwa miezi asizikate ghafla bila daktari, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huenda zimelala, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mimi nilikuwa napaka uso na mikono tu. Daktari wa ngozi alinishusha kwenye haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu: kila siku, kisha siku moja napaka na moja napumzika, kisha mara mbili kwa wiki, kisha basi. Hata hivyo uso huwaka moto, huwa mwekundu na kutoa vipele vidogo kuzunguka mdomo. Hapo ngozi inadai dawa iliyoizoea, na hupita. Usaha, homa au macho kuvimba si katika hayo, nenda hospitali.

Singo, msugo wa manukato wa kumsinga bibi harusi, niliiweka kando, hasa yenye karafuu, kwani karafuu huchoma ngozi iliyokonda. Ndimu nayo haifai kabisa. Nilibaki na maji, sabuni isiyo na manukato, na vaselini kidogo ngozi ikiwa bado na unyevu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni napaka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga yake), mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, na nikiwa juani narudia kila baada ya saa mbili. Unguja jua ni kali mwaka mzima na madoa huliitikia upesi, kwa hiyo mwavuli hautoki mkononi.

Kujikubali hakukungoja ngozi ipone. Kulihitajika wakati uso uko vibaya kuliko wakati wowote. Kioo cha simu nilikiacha. Nilijitazama asubuhi dirishani, nikapiga picha moja kwa mwezi, pale pale, mwanga ule ule, maana mabadiliko ya ngozi hayaonekani kwa siku. Poda nilichagua ya kulingana na bega, ambalo halikuwahi kupakwa. Tena nisingemshauri mtu aanze karibu na mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani: harusi zinafuatana, taa za video zinamulika, na moyo bado haujakaza.

Maneno hayakwepeki. "Wifi, mbona umekuwa mweusi?" huulizwa mbele ya watu, mara nyingi kwa mapenzi tu. Jibu langu lilikuwa moja: "Nimeacha dawa, wifi. Hii ndiyo rangi yangu." Ukieleza zaidi utatajiwa krimu nyengine.

Mwenye harusi yake mwenyewe amwambie somo, yaani kungwi wake, mapema kwamba aliwahi kujichubua. Singo isiyo na karafuu ijaribiwe kwanza ndani ya mkono, kiasi cha ukucha, wangoje siku mbili. Pakiwasha au kuwa pekundu, apakwe mafuta ya nazi peke yake na uso uachwe.