Tulimwomba Mungu, tukaweka walinzi

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Nehemia 4:9. Adui wamekula njama, ukuta wa Yerusalemu haujaisha, na watu wanafanya mawili kwa pamoja: wanaomba, na wanaweka walinzi usiku na mchana.

Twende Galena, Alaska, kijiji kilicho kando ya mto Yukon, kisichofikika kwa barabara kutoka mijini. Joto likija polepole, jua hulainisha barafu ya mto mpaka imegeke bila vurugu. Balaa ni mwaka ambao baridi imegoma kuondoka, kisha joto likaja ghafla. Theluji ya huko mto unakotoka huyeyuka, maji huinua barafu ambayo bado ni ngumu na kuipasua, na mabonge huenda kukwama penye kona, kisiwa au kina kifupi. Mwishoni mwa Mei 2013 yalikwama Bishop Rock, kwenye kona kali mto ukishapita kijiji. Maji yakakosa pa kupita, yakarudi nyuma hadi majumbani, na wakazi wengi wakahamishwa kwa ndege. Mgeni hutazama mto unakotoka. Hatari iko unakoelekea.

Ndiyo maana walinzi wa huko hupanda ndege ndogo. Kila mwaka barafu inapovunjika, wataalamu wa hali ya hewa na wa maafa huufuata mto kutoka angani, wakitafuta palipoziba ili waonye vijiji.

Mwenye nyumba naye ana zamu yake. Boti na mapipa ya mafuta yapelekwe mwinuko mapema. Tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto lifungwe kwa mikanda imara na vali izibwe, kwa sababu lisilojaa huelea, likang'oa bomba lake, na mafuta yakishaingia kwenye mbao harufu haitoki kirahisi. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika. Mbwa wafunguliwe minyororo. Wako watakaoita haya upungufu wa imani. Nehemia hakuona hivyo.

Maji yakishuka, sufi ya kuzuia baridi iliyolowa chini ya sakafu na ndani ya kuta ing'olewe, mbao zikauke kabisa ndipo zifunikwe, na yote yaishe kabla baridi haijarudi. Maji ya kisima yachemshwe, ila yakinuka mafuta, kuchemsha hakusaidii.

Tuwaombee marubani wa doria hiyo, na wazee wanaokataa kutoka majumbani mwao hata ndege ikiwa imeshatua.