Ukimfungia asiyeumwa karantini, unadaiwa

Kuna maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Anayetengwa ni mgonjwa: amepimwa na kukutwa na maambukizi. Anayewekwa karantini hana dalili yoyote. Amekutana na mgonjwa tu, na huenda asiugue kabisa. Huyu wa pili ndiye anayenikosesha usingizi. Mgonjwa ukimtenga, unampa na matibabu. Asiyeumwa ukimfungia, faida inakwenda kwa majirani na hasara inabaki kwake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kuna deni, na mdaiwa ni aliyetoa amri.

Siku zenyewe hufuata muda ambao kirusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kujitokeza. Ebola ni hadi siku 21, na karantini yake ni siku 21. Kwa korona ya mwanzo zilikuwa 14, ingawa wengi waliougua walianza kuumwa karibu na siku ya 5. Hapo ndipo mzani unapowekwa. Siku za mwishomwisho hunasa wachache sana, lakini kila aliye ndani anazilipa zote. Desemba 2020 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, iliruhusu siku 10 bila kupimwa, au 7 kwa aliyepimwa siku ya 5 au baadaye na kukutwa hana virusi. Walijua kuna hatari ndogo inayobaki. Mimi naona walifanya haki, kwa sababu watu wakizikimbia siku 14, hazimkingi mtu.

Sasa tuingie ndani ya nyumba moja. Baba amekutwa na korona. Mama anamuuguza, chumba kimoja, choo kimoja. Kwa kanuni za mwaka 2020, mgonjwa asiye mahututi alitengwa siku 10 tangu dalili zianze. Mama anakutana naye kila siku, kwa hiyo hesabu yake haianzi hadi baba amalize: 10 kisha 14, jumla 24. Ndugu aliyehama na kujifungia peke yake kwingine siku ileile dalili zilipoanza anamaliza zake 14. Yaani aliyeondoka anakuwa huru siku 10 kabla ya aliyebaki kuuguza. Kitabibu hesabu hii haina kosa. Kiutu, inamwadhibu aliyebeba mzigo.

Kumpunguzia mama siku si jibu, maana anaweza kuwa ameambukizwa siku ya 9. Jibu ni kumlipa anachodai. Apewe barakoa na glavu za kutosha siku zote 10, chakula na maji ya siku 24, ujira wake wa siku hizo, na barua kwa mwajiri yenye tarehe, ili asikute nafasi yake imechukuliwa. Dawa zake mwenyewe pia, kama ana kisukari au presha. Hilo husahaulika mno. Muuguzaji awe mmoja tu, na ikiwezekana asiwe mzee wala mwenye maradhi sugu. Na kabla ya yote hayo, familia iulizwe kama ingependa mgonjwa ahamie kituoni. Akihama siku ya 2, mama anamaliza siku ya 16.

Kwenye vituo vya pamoja kosa kubwa ni kuchanganya watu wa tarehe tofauti. Chumba kikiwa na wanne waliofika Jumatatu, ukamwingiza wa tano Ijumaa, kisha huyo akaugua, wale wanne wanaanza upya. Kosa ni la msimamizi, siku wanalipa wao. Meli ya Diamond Princess, iliyozuiwa Yokohama Februari 2020 na watu kama 3,700, ilionyesha jambo linalofanana: abiria waliambiwa wabaki vyumbani, huku wafanyakazi wakiendelea kupika, kugawa chakula na kulala kwenye vyumba vya pamoja. Zaidi ya watu 700 waliambukizwa. Amri ya kukaa mbalimbali haikuwahusu waliokuwa wakiitekeleza.

Halafu bili. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinakataza, isipokuwa kwa wahamiaji wanaoomba ukaazi, kumtoza msafiri gharama za karantini. Nami nasema asitozwe mtu yeyote. Mfuatiliaji anapompigia mgonjwa simu na kuomba majina ya aliokutana nao, kila jina ni rafiki au mfanyakazi mwenzake. Kama kutajwa maana yake ni kulipishwa malazi, aliyekutana na kumi atataja wawili, na wale wanane ndio watakaoeneza ugonjwa.

Amri itolewe kwa maandishi: tarehe ya mwisho kukutana na mgonjwa, tarehe na saa ya kutoka, namba ya simu inayopokelewa, na jina la anayesikiliza malalamiko. Rufaa ijibiwe ndani ya siku 2. Ikijibiwa wiki ya tatu, mtu ameshatoka. Agosti 2014, Monrovia, mji mkuu wa Liberia, mtaa mzima wa West Point ulizungushiwa vizuizi kwa ajili ya Ebola. Yakazuka mapambano, kijana mmoja akapigwa risasi na kufa, na siku kama 10 baadaye vizuizi vikaondolewa. Kufungia mtaa mzima huwaweka wasiokutana na mtu yeyote pamoja na walio hatarini, na huko si kuwalinda.

La mwisho ni gumu kuliko yote: ndugu anayetaka kumuaga mgonjwa anayekufa wodini. Wengi walikataliwa kabisa, na sidhani kama ilikuwa lazima kila mara. Aingie mmoja, kwa muda uliopangwa, akiwa na gauni, barakoa, kinga ya macho na glavu, na muuguzi asimame naye hasa wakati wa kuvua, kwa kuwa hapo ndipo mikono hugusa upande uliochafuka. Glavu na gauni vitoke kwanza, anawe mikono, kisha kinga ya macho, barakoa mwisho, na anawe tena. Na aambiwe mlangoni, kabla hajavaa chochote, kama kuingia kutamwanzishia karantini, ni ya siku ngapi, na nani atawalisha watoto wake.