Hoteli za Uingereza na fungu la misaada

Mwaka 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliingia mikataba ya miaka kumi na kampuni tatu, Clearsprings Ready Homes, Mears na Serco, ili ziwatafutie makazi watu walioomba hifadhi wakati maombi yao yakishughulikiwa. Makadirio ya awali yalikuwa paundi bilioni 4.5 kwa muda wote wa mikataba. Mei 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali ya nchi hiyo walieleza kwamba gharama sasa inatarajiwa kufika bilioni 15.3. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kupitia ankara na mikataba ya huduma, na bajeti iliyozidi makadirio yake mara tatu sikuweza kuipita hivi hivi, ingawa fedha zenyewe hazitoki Hazina yetu.

Waombaji waliongezeka, wengi wakivuka bahari kutoka Ufaransa kwa boti ndogo, maamuzi yakachelewa, na hoteli zilizochukuliwa kama suluhisho la muda zikageuka makazi ya miezi na miezi. Kwa mujibu wa wakaguzi hao, hoteli zilihifadhi takriban asilimia 35 ya watu wote waliokuwa chini ya mikataba, lakini zilimeza asilimia 76 ya gharama zake. Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani, katika taarifa yake ya Oktoba 2025, ilionyesha kwamba mtu mmoja hotelini hugharimu takriban paundi 145 kwa usiku, ilhali makazi ya aina nyingine hugharimu kama 23. Tofauti ya namna hiyo tunaijua hata huku: anayelala gesti ya Sinza kwa shilingi 30,000 atakuwa ametoa 900,000 mwezi ukiisha, fedha ambazo Mbagala zingelipia chumba karibu mwaka mzima. Ndiyo maana gesti huwa ya siku mbili tatu tu, mpaka mtu apate pa kupanga.

Mkandarasi anayelipwa kwa kila kichwa na kwa kila usiku hana haraka ya kumtafutia mtu nyumba, na sioni sababu ya kumshangaa. Ninaowashangaa ni wenye mkataba. Mikataba hiyo ilikuwa na kifungu cha kurejesha serikalini faida inayozidi kiwango kilichokubaliwa, lakini wabunge walikuta kwamba Clearsprings ilikuwa na paundi milioni 32 na Mears milioni 13.8 za kurejesha, na wizara haikuwa imezikusanya kwa kuwa ukaguzi wa hesabu za kampuni hizo ulikuwa haujakamilika. Kifungu kizuri kisicho na mtu wa kukifuatilia ni wino tu.

Mwombaji mwenyewe haoni sehemu kubwa ya fedha hizo. Akiwa katika hoteli inayompa chakula, posho yake mwaka 2025 ilikuwa paundi 9.95 kwa wiki, na hawezi hata kuomba ruhusa ya kufanya kazi kabla ya kusubiri uamuzi kwa miezi 12. Kila siku ambayo faili lake linakaa mezani ni ankara nyingine.

Kuna jambo linalotuhusu zaidi. Kanuni za nchi wafadhili zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza wa kumhudumia mkimbizi ndani ya nchi mfadhili zihesabiwe kama misaada ya maendeleo. Uingereza iliitumia ruhusa hiyo kikamilifu: mwaka 2023 takriban paundi bilioni 4.3, yaani asilimia 28 ya misaada yake yote, zilitumika ndani ya Uingereza kwenyewe. Fungu lenyewe lilikuwa limeshapunguzwa mwaka 2021 kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, hivyo kila kilicholipwa hotelini kilipungua kwingine, na mwaka 2022 serikali ililazimika kusimamisha kwa miezi kadhaa misaada isiyo ya lazima.

Mwaka huohuo wa 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma hadi nusu kwa kukosa fedha. Sidai kwamba unga wa Kigoma ulilala hotelini London. Wafadhili ni wengi na sababu ni nyingi. Ninachosema ni kwamba mwenye kusoma takwimu za misaada bila kuuliza ni kiasi gani kilivuka mpaka, anasoma nusu ya hesabu.

Nasi pia hatuna budi kujiangalia. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi, wakalima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walithibitishiwa uraia. Aliyeko Nyarugusu leo anahitaji kibali ili atoke nje ya kambi, kisha tunamtafutia mfadhili wa chakula chake.