Mikungu 20 ya Bibi

Nikiwa darasa la tano, Moshi, neno MAGAZIJUTO nililishika kama sala. Ndilo la kukumbuka mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nililiimba nikienda shule, nililiimba nikichota maji, na niliamini herufi zake ni foleni: JU imeitangulia TO, basi unajumlisha kwanza, siku zote.

Jumamosi moja nilifuatana na bibi soko la Mbuyuni kuuza ndizi za kihambani. Nikakaa juu ya gunia na daftari langu la hesabu. Swali la tatu lilikuwa 20 − 8 + 5. Nikajumlisha 8 na 5, nikapata 13, nikaitoa kwenye 20. Jibu 7. Wala sikusita.

Bibi akachungulia. "Hiyo saba umeipataje?" Nikamweleza.

"Asubuhi tulishusha mikungu mingapi?"

"Ishirini, bibi."

"Nimeuza minane. Mama yako mdogo kaniletea mitano. Haya, mjukuu wangu, hesabu iliyopo."

Nikainuka, nikagusa mkungu mmoja mmoja kwa kidole. Kumi na saba. Nikaanzia upande wa pili. Kumi na saba tena.

Nilisimama pale nikiitazama ile mitano ya mama mdogo, mibichi, vikonyo bado vinatoka utomvu. Kumbe kwenye daftari nilikuwa nimeiweka pamoja na ile iliyouzwa! Alama ya kutoa ilikuwa ya 8 peke yake, mimi nikaibebesha na 5.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana neno lile. Kujumlisha na kutoa ni wa rika moja. Unayekutana naye kwanza ukitokea kushoto ndiye unayeanza naye. Kugawanya na kuzidisha vilevile. Ila kwenye GA na ZI ukifuata herufi hupotei: 24 ÷ 4 × 2, ukigawanya kwanza unapata 12, na ndilo jibu. Shimo liko kwenye JU na TO tu. Lau wangelitunga MAGAZITOJU, swali lile nisingelikosa. Inaniuma kwamba watoto bado wanakaririshwa neno hili bila kuambiwa hivyo.

Nikafuta 7, nikaandika 17. Vidole vilikuwa na utomvu, ukaacha doa kando ya jibu. Kisha nikapanda juu ya ukurasa, kwenye swali la kwanza nililokuwa nimeshalimaliza: 15 − 6 + 4.