Nyumba ya udongo iliyonikumbusha kwa bibi
Jumamosi mimi na mume wangu tulitoka St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, mwendo wa kama saa moja kuelekea kusini, hadi Ste. Genevieve, mji mdogo kando ya Mto Mississippi. Walowezi wa Kifaransa waliuanzisha karne ya 18. Mafuriko makubwa ya 1785 yakawahamisha, wakajenga upya sehemu ya juu.

Jamani, nilisimama mbele ya nyumba ya Amoureux, ya 1792, nikamkumbuka bibi yangu kule Pangani. Kuta ni magogo ya mwerezi yaliyosimikwa ardhini wima, na nafasi za katikati zimekandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mbele, baraza! Kwetu tunasimika nguzo, tunafunga fito, tunakandika, kisha mchwa na mvua vinatuwahi. Hii ina zaidi ya miaka 230. Marekani nzima zimebaki chache mno za aina hii, na tatu ziko hapa.

Kilichonigusa zaidi ni Pélagie Amoureux. Alizaliwa mtumwa, akapata uhuru, akaishi humo na mumewe na kuendesha duka dogo. Nilikaa kimya muda mrefu mlangoni.

Mwaka 1993 mto ulifurika tena, watu wakajaza viroba vya mchanga usiku na mchana kuuokoa mji. Sheria ya kuifanya sehemu yake hifadhi ya taifa ilipita 2018, na nyumba hii imo.

Wanangu wakifunga shule nawapeleka. Nataka waushike ule ukuta kwa mikono yao, na niwaonyeshe picha ya nyumba ya bibi papo hapo.