Ada ya kozi inatoka mfuko gani

Nimetumiwa tena tangazo la darasa, safari hii la kujenga chapa ya biashara mtandaoni, "ada laki na nusu, ofa mpaka Ijumaa elfu 45, nafasi chache zimebaki", na nimeshinda nalo kwenye simu siku nzima, silifuti wala silipii. Kwa wasionijua, mimi nauza sabuni za vipande za mafuta ya nazi, niko Tanga, wateja wangu wengi wako Dar na Arusha, oda zinaingia kwa WhatsApp na Instagram na mzigo unapanda basi. Biashara yenyewe ni mafuta, kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) na bando, basi. Sasa elfu 45 kwenye biashara kama hii sio hela ya kusema ngoja nijaribu tu, hayo ni mafuta ya kupikia sabuni.

Mdogo wangu ndo ananipigaga picha za bidhaa, nilivyomuonyesha akacheka. "Dada, kila kitu kipo YouTube bure, unalipia nini hasa?" Alikuwa ananitania lakini swali limenikaa, maana ni kweli, vitu vingi vipo bure, na bado kuna hela ya darasa niliyowahi kutoa ambayo hata leo ningeitoa tena.

Yani hivi. Madarasa ya sabuni ya kwenye magrupu wanakupa vipimo, mafuta kiasi hiki, kostiki kiasi hiki, maji kiasi hiki, koroga, mimina, kata, na ukimaliza unapewa PDF. Vipimo hivyo hata bure unavipata. Mama aliyenifundisha mimi hakuwa na PDF wala grupu, alikuwa na mzani na jiko lake, tulikuwa wachache tu, na muda mwingi alitueleza kwanini. Kwamba kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki, kilo moja ya nazi inameza takriban gramu 183, kilo moja ya mawese ni kama gramu 141 hivi, kwa hiyo siku nazi imepanda bei sokoni na wewe ukaamua kuweka mawese kwa vipimo vile vile vya nazi, kuna kostiki inabaki haijapata mafuta ya kushikana nayo, na hiyo sabuni itaunguza ngozi za watu hata kama inanukia vizuri namna gani. Ndo akatuonyesha kupunguza kostiki kidogo, kama asilimia 5, ili yawe mafuta ndo yanabaki. Af alikuwa anashika kipande ulicholeta wewe mwenyewe, anakigeuza, anakinusa, anakwambia hiki bado, kiache kikauke wiki nne ndo ukiuze. Hapo ndo nilijua nalipia nini, namlipa mtu aangalie kazi yangu na aniambie kilichopo pale, video haiwezi kuninusia sabuni.

Mambo ya matangazo nayaona tofauti kidogo. Huku vingi kweli vipo bure, Meta wenyewe, wenye Facebook na Instagram, wana mafunzo yao ya bure yanaitwa Blueprint, ni uvivu wetu tu wa kusoma (na Kiingereza, tusidanganyane). Mfano kuna hili la watu wa iPhone, ukiboosti posti, yani ukilipia ionekane kwa watu wengi, ukiwa ndani ya apu, Apple wanaongeza makato yao ya asilimia 30, walianzia Marekani 2024, ila ukienda kulipia kwenye brauza hukutani nayo. Kitu kama hiki kimeandikwa wazi na Meta wenyewe, halafu unakuta mtu anakiuza kama siri ya darasa la VIP.

Kingine ninachoangalia siku hizi ni kama mwalimu bado yumo kwenye kazi. Nimewahi kutumiwa PDF ya kozi, mpya kabisa kwa maneno ya tangazo, inaelekeza watu wapeleke vipodozi vyao TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa. TFDA ilishaondoka! Tangu 2019 mambo ya chakula na vipodozi yalihamia TBS, shirika la viwango, na iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba ikaitwa TMDA. Sasa mtu ambaye hajui hata mlango wa kugonga ananifundisha nini kuhusu kurasimisha biashara? Kwa hilo bora niende SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikaulize uso kwa uso.

Tukirudi kwenye hela. Mimi ada haitoki kwenye mtaji, hilo nimeshalikataa, kila oda ikilipwa kuna kidogo nahamishia laini nyingine, nimeiita ya shule, ikiwa haijatosha basi hiyo kozi inipite na ofa yake ya Ijumaa. Najua kuna wanaosema jikope ujiendeleze, sawa, labda kwa mwenye biashara kubwa, ila sabuni inakaa wiki nne haijarudisha hata shilingi na ukishagusa hela ya mafuta mwezi unaofuata huna cha kuuza, utakuwa na cheti na rafu tupu.

Laini ya shule leo ina elfu 50 na kitu, kwa hiyo kulipa naweza. Jioni nimemwandikia huyo mwalimu wa chapa, nikamtumia linki ya ukurasa wangu, nikamwambia dada, kabla sijalipia naomba uniangalizie hapa uniambie kitu kimoja tu ambacho ungekibadilisha. Amejibu fasta: "Karibu sana mpenzi, ukishalipia utaunganishwa na grupu." Nimemuuliza tena kwa upole kama amefungua ule ukurasa. Tiki mbili za bluu, kimya. Ofa inaisha Ijumaa, na mimi kesho naenda kununua nazi.