Dumu la Asali Lisilopimwa

Mwaka 1994 nilikuwa muuguzi katika timu ya kliniki iliyozunguka kwa ndege ndogo kwenye vijiji vya misitu ya miombo kusini mwa Tabora, upande wa Inyonga, eneo ambalo leo liko Mkoa wa Katavi lakini siku hizo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpanda, mkoani Rukwa. Tulitumia Cessna 206, ndege ya injini moja na viti sita, ambavyo baadhi vilifunguliwa na kutolewa kila tulipokuwa na mgonjwa wa kulazwa sakafuni.

Kiwanja kilikuwa ukanda wa udongo na nyasi wenye urefu wa mita 700 hivi, vichuguu ubavuni na miti mwishoni. Kabla ya kuruka, rubani alikuwa na desturi ya kukitembea chote kwa miguu, akikanyaga ardhi kwa kisigino, akitafuta mashimo ya mhanga na kufukuza mbuzi. Katikati alichomeka kijiti chenye fulana nyeupe. Ndege ikifika hapo kabla haijapata asilimia 70 ya mwendo wa kuinukia, alitueleza, safari inakatishwa hata kama abiria ni waziri.

Siku ile ya Novemba mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ilipofika saa saba mchana joto lilikuwa nyuzi 32. Mahali pale pana mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini kwa joto kama hilo hewa huwa nyepesi mithili ya ile ya karibu mita 2,000, na injini, propela na mabawa vyote hupungukiwa nguvu kwa wakati mmoja.

Rubani alitupima kwa mizani ya kliniki: mimi, kijana aliyevunjika paja, mama yake, kisha masanduku ya chanjo. Sikumwambia kwamba nyuma kabisa, chini ya mashuka machafu, nilikuwa nimesukumia dumu la lita 20 la asali nililonunua kwa bei ya kutupa. Kichwani mwangu lita 20 zilikuwa kilo 20, nami niliona kilo 20 si kitu. Asali ni nzito kuliko maji. Dumu lile lilikuwa na kilo 28, na lilikaa mkiani, mahali pabaya kuliko pote.

Alikanyaga breki mpaka injini ikanguruma kwa nguvu zote, ndipo akaachia. Nyasi zilizolowa zilizikamata tairi kama ugali wa moto unavyokamata mwiko. Niliiona fulana ikipita dirishani, na papo hapo mngurumo ukakatika. Breki zilishika lakini tairi ziliteleza, gurudumu la mbele likazama kwenye tope na kukunjika, propela ikachimba udongo, kisha kukawa kimya na harufu ya mafuta.

"Tokeni! Nendeni mbali!"

Tulimvuta kijana kwa shuka alilolalia. Hakuna aliyeumia zaidi ya alivyokuwa. Rubani alipoanza kushusha mizigo, alilifikia dumu, akalinyanyua kidogo, akalirudisha chini.

"Sista, hili tulilipima?"

"Hapana, Kapteni."

Akaandika kwa penseli kwenye daftari lake, bila kupandisha sauti. Tope, nyasi na joto vilikuwa na sehemu yao, na kama asingeitii ile fulana tungeishia mitini; lakini hesabu aliyoifanya haikuwa ya ndege aliyoirusha, na aliyeiharibu ni mimi. Injini ilibidi ifunguliwe yote, kwa kuwa propela ikigonga ardhi mshtuko hufika hadi kwenye krenki, mhimili wa ndani ya injini unaoizungusha propela.

Kijana alisafirishwa kwa lori, akafika Tabora jioni ya siku ya pili. Dumu nililipakia humo humo. Mama yake alidhani ni zawadi, akanishukuru mara mbili, nami sikumsahihisha.